Maswali ya Wasomaji: Vyuma vya Kupandia Miti Vilivyobaki, Vitumike Wapi?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi ni kijana wa Kizota, hapa Dodoma mjini. Kazi yangu ni kupunguza matawi na kuangusha miti iliyokaribia nyumba za watu, hasa miarobaini na mijohoro. Baba yangu mdogo, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akipanda minara ya simu, ameacha kazi hiyo na kunirithisha mfuko wake wa vifaa. Ndani yake mna karabina (pete za kuunganishia zenye mlango wa springi) za chuma na za alumini, vyuma viwili vya kushukia vyenye umbo la nane, puli moja, pete kadhaa zilizokatwa kwenye mikanda ya zamani, na shekeli nne zisizolingana (vile vyuma vya umbo la U vinavyofungwa kwa pini). Kamba na mikanda yenyewe ameniambia niitupe. Je, vyuma hivi navyo vimekwisha kazi, na kama bado, kipi kitumike wapi?

JIBU: Marahaba kijana wangu. Baba yako mdogo amekushauri vyema. Kamba na mikanda ni vitu vya nyuzi, na nyuzi za nailoni na poliesta huchoka kwa jua, jasho na vumbi hata zikiwa zimetundikwa ukutani, ndiyo maana watengenezaji wengi huziwekea ukomo ambao mara nyingi hauzidi miaka 10. Chuma hakina tarehe ya namna hiyo. Chuma hupimwa kwa hali yake na kwa historia yake, na kati ya mambo hayo mawili, historia ndiyo inayosahaulika kwa urahisi. Una bahati kwamba mwenye mfuko yu hai na ni ndugu yako. Kabla hujagusa kitu, kaa naye, utoe kimoja kimoja, umuulize: hiki kilikuwa kinabeba nini? Kiliwahi kuanguka kutoka juu? Kiliwahi kuvutia gari lililokwama? Asichokikumbuka, kiweke upande wa vile visivyobeba mtu.

Hapo ndipo ulipo msingi wa jibu langu lote. Vyuma vya kazi ya mitini vina ngazi, na safari yake ni ya kushuka tu. Ngazi ya juu kabisa ni kubeba mtu. Chini yake ni kushusha na kuvuta magogo na matawi. Chini ya hapo ni kubeba zana, yaani msumeno, panga na chupa ya maji. Ya mwisho ni kutundika kamba stoo. Kilichobeba mtu kinaweza kushuka kikabebe gogo, lakini kilichobeba gogo hakipandi tena kumbeba mtu, hata kikiwa kinang'aa. Sababu yake si ushirikina wa mafundi. Gogo bichi lenye unene wa sentimita 30 na urefu wa mita 1 lina uzito wa kati ya kilo 60 na 70, na pale linapokatwa juu ya puli, likaanguka kidogo kabla kamba haijalidaka, nguvu inayoingia kwenye vyuma huwa mara kadhaa ya uzito huo. Mshtuko wa namna hiyo ukirudiwa huweza kuanzisha ufa mwembamba ambao jicho halioni. Mtu anayeteremka polepole hatoi mshtuko kama huo, na kwa hiyo vyuma vya watu na vyuma vya magogo havipaswi kuwa na historia moja, wala kulala kwenye mfuko mmoja.

Baada ya mazungumzo na baba mdogo, osha kila kitu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida, kwa mswaki wa zamani, kisha uanike kivulini. Vumbi letu la Dodoma ni laini na huingia kwenye springi ya mlango wa karabina hadi mlango unakawia kufunga. Wengi huimiminia oili ya injini, na kesho yake vumbi limeshika maradufu. Tumia unga wa grafaiti au kilainishi kikavu, na kiasi kidogo tu. Sasa shika karabina karibu na macho, mahali penye mwanga wa pembeni. Fungua mlango kwa kidole gumba, uachie: ni lazima urudi wenyewe na ukae sawasawa kwenye pua, yaani ncha ambayo mlango hufungia, bila kusukumwa, na kufuli lake lijizungushe hadi mwisho. Pitisha ukucha ndani ya kona ambako kamba hukaa. Ukikuta mfereji uliochimbwa na kamba, upime kina chake. Watengenezaji kadhaa hutaja milimita 1 kuwa mwisho, na mimi naongeza kwamba hata mfereji usiofika hapo, ukiwa na ukingo mkali, tayari unakata nyuzi za kamba. Tazama pia ribiti inayoshikilia mlango, kwa kuwa huko ndiko kulegea kunakoanzia.

Halafu soma maandishi yaliyochongwa ubavuni. Karabina nyingi zina namba zenye alama kN. Kilonyutoni 1 ni takriban uzito wa kilo 102, kwa hiyo karabina iliyoandikwa 22 hukatika karibu na kilo 2,240. Angalia nilivyosema: hukatika. Hiyo si kazi yake, ni kifo chake. Pembeni utaona namba nyingine mbili ndogo, mara nyingi 7 au 8, zenye vijipicha: moja ni nguvu yake ikivutwa kwa ubavu, nyingine ni nguvu yake mlango ukiwa wazi. Maana yake ni kwamba karabina iliyolala vibaya juu ya tawi imepoteza karibu theluthi mbili za uwezo wake bila mtu kujua. Karabina isiyo na maandishi yoyote haibebi mtu na haibebi gogo, hata kama ni nene kiasi gani.

Shekeli huandikwa kwa mtindo tofauti kabisa, na hapa ndipo watu wanapojichanganya. Namba ya tani iliyoinuka kwenye mwili wa shekeli ya kuinulia mizigo ni mzigo wa kufanyia kazi, na yenyewe hukatika kwenye mara tano au sita ya hapo. Kwa hiyo shekeli ya tani 3.25, ambayo kwa kawaida ina unene wa milimita 16 hivi, ina nguvu kubwa kuliko karabina ya tani mbili na ushei kwa kiwango ambacho namba zenyewe hazionyeshi. Mtu akizisoma kana kwamba zinasema jambo moja, ataiamini karabina kupita kiasi. Mimi, kwa mzigo ulionyanyuliwa bila mshtuko, hugawa namba ya karabina kwa 10, na kwa hiyo ile ya 22 kN naipa kilo 220, basi.

Sasa tugawe mfuko. Karabina za alumini zenye kufuli linalojifunga lenyewe, ambazo baba mdogo anathibitisha zilibeba watu pekee na ambazo zimefaulu uchunguzi, zibaki ngazi ya juu. Kama kufuli lake ni la kukaza kwa mkono, ishushe ngazi, kwa kuwa ndani ya matawi kamba na vijiti huizungusha hadi ifunguke. Wapanda miti hutakiwa kutumia zile ambazo hufungua kwa vitendo viwili au zaidi, na ni sharti la haki. Karabina za chuma ni nzito, mara mbili hata tatu ya zile za alumini, na mtu anayezibeba juu ya mti siku nzima atalijua hilo. Lakini huvumilia mikwaruzo, na kwa hiyo kazi ya matawi mepesi ndiyo yake: kufungia mkanda wa kitanzi kwenye tawi la kilo 20 au 30 linaloshushwa bila kuachiwa lianguke.

Vyuma vya umbo la nane vinafaa sana chini ya mti. Funga kimoja kwa mkanda imara kwenye shina, usawa wa kiuno, upitishe kamba ya kushushia, na msaidizi wako ataweza kushusha tawi kwa msuguano wa chuma badala ya viganja vyake. Vina kasoro mbili: huipinda kamba hadi ijisokote, na hupata moto kamba ikikimbia. Kwa hiyo ni vya matawi, wala si vya magogo. Ukifika kwenye magogo, nunua chombo cha kushushia kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, chenye mzigo wa kazi ulioandikwa.

Pete ni vitu ambavyo watu huvitupa kwa kutojua thamani yake. Pete mbili, moja kubwa na nyingine ndogo, zikishonwa kwenye ncha za mkanda unaozunguka tawi, huiwezesha kamba kukimbia kwenye chuma badala ya kusugua gome, na kazi ikiisha mkanda mzima huvutwa chini kwa fundo linalopita kwenye pete kubwa na kunasa kwenye ndogo. Mti hubaki bila jeraha na kamba hudumu. Ila kwa kumbeba mtu, kifaa hicho kinunuliwe kikiwa kimeshonwa kiwandani. Pete zako za zamani zifanye kazi hiyo hiyo kwa kamba ya kuvutia matawi tu, au zishonwe kwenye mkanda wako wa zana, moja kwa msumeno wa mkono, nyingine kwa msumeno wa mnyororo unapopandishwa kwa kamba.

Shekeli zisizo na namba ziende kwenye geti au kwenye tela, zisiende mtini. Zenye namba ni hazina, na nafasi yake ni kushikilia puli kwenye shina. Ukifunga mkanda kwa kitanzi cha kujikaza, hakikisha pini inakaa kwenye jicho la mkanda, na sehemu ya mkanda inayoteleza inapita kwenye tao la shekeli, kwa sababu mkanda unaoteleza juu ya pini huifungua taratibu. Pini ikishakazwa, ipitishie waya laini na kuufunga. Puli nayo, kabla ya kuitumia, pima gurudumu lake: kipenyo kiwe angalau mara nne ya unene wa kamba, yaani kamba ya milimita 12 ihitaji gurudumu lisilopungua milimita 48. Ndogo zaidi ya hapo huivunja kamba kwa ndani.

Neno moja nje ya swali lako: vyuma vyote hivi hupitisha umeme, na kamba iliyolowa nayo hupitisha. Mti uliogusana na nyaya si wako hadi TANESCO wakate umeme.

SWALI: Mwanangu mhariri, mimi ni mzee mfugaji wa nyuki wa Manyoni. Mizinga yetu tunaitundika kwa waya kwenye miti mirefu ili nyegere asiifikie. Vijana wangu wamepata karabina nyingi za alumini kutoka kwa fundi wa minara aliyekuwa anaziondoa, pamoja na puli ya kisima. Tunataka kuzitumia kupandishia na kushushia mizinga, na nyingine zibaki pale juu zikiwa zimeshikilia mizinga yenyewe. Je, inafaa?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Mmewaza jambo jema, na sehemu yake moja inafaa sana, nyingine haifai.

Nianze na isiyofaa. Karabina ya alumini isiachwe juu ya mti msimu mzima ikiwa imeshikilia mzinga kwa waya. Mzinga hauningʼinii kimya. Upepo huubembeza usiku na mchana, na waya wa chuma, ambao ni mgumu kuliko alumini, huila karabina kidogo kidogo mahali palepale. Hamtaona chochote mkiwa chini. Kwa kuningʼiniza moja kwa moja tumieni chuma kwa chuma: shekeli ya chuma iliyopakwa zinki, pini yake ikiwa imefungwa kwa waya, au kipande cha mnyororo. Na pale waya au mnyororo unapozunguka tawi, wekeni kipande cha mpira wa tairi au gunia, kwa sababu waya mtupu hukata gome na tawi hufa juu ya vichwa vyenu.

Sasa kupandisha na kushusha. Tuseme mzinga una kilo 40. Kamba ikipita juu ya tawi ndani ya puli nzuri na kijana akavuta akiwa chini, anavuta zaidi kidogo ya kilo 40, na tawi linabeba pande zote mbili za kamba, yaani zaidi ya kilo 80. Jambo hili wengi hawalitarajii: tawi halibebi mzinga, linabeba mzinga na mvutaji. Mkiweka karabina mahali pa puli, msuguano unakula karibu asilimia 40 ya nguvu. Kijana atavuta kama kilo 67, na tawi litabeba kama kilo 107. Mzinga ni uleule, lakini kazi imekuwa ngumu na tawi limelemewa zaidi.

Wakati wa kushusha, hesabu inageuka. Msuguano uleule sasa unamsaidia kijana: kwa karabina, mkono wake unashika kama kilo 24 badala ya 40, na tawi linabeba kama kilo 64. Kwa hiyo ningewashauri mpandishe kwa puli na mshushe kwa karabina. Kwenye kurina, kushusha ndiko kunakohitaji mkono mpole kuliko yote, kwa kuwa mzinga ukigonga shina, masega yanavunjika na nyuki wanachafuka, tena mara nyingi ni jioni au gizani. Fungeni karabina mbili kwenye mkanda mmoja, milango ikitazama pande tofauti, kamba ipite ndani ya zote mbili, ili mmoja ukifunguka mwingine uwe umeshika. Hapa karabina zilizostaafu kubeba watu zimepata kazi inayozistahili, mradi hazina ufa wala mlango mbovu, na mradi hakuna mtu anayesimama chini ya mzinga.

Puli ya kisima itazameni kwa makini. Nyingi ni za chuma cha kusubu, ambacho hakipindi kabla ya kuvunjika, na ndoo ya maji ya lita 20 ni nusu tu ya mzinga wenu. Kama ekseli imelika hadi gurudumu linacheza upande, au kama ndoano ya juu iko wazi bila kizuizi, iacheni kisimani. Kama ni nzima, itundikeni kwa shekeli na si kwa ndoano yake, na mwijaribu kwanza kwa gunia la mchanga lenye uzito maradufu ya mzinga, karibu na ardhi.

Tena, mzee wangu, kijana anayepanda kwenda kufunga puli hiyo apande na mkanda na kamba zake mwenyewe. Asije akashuka kwa kamba ya mzinga.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Kondoa. Tumepewa karabina nne kuukuu zenye kufuli. Tunaweza kufungia bembea ya watoto chini ya mkungugu mkubwa ulioko uwanjani?

JIBU: Hapana, mwalimu. Bembea hubeba watu, tena kwa mwendo wa kwenda na kurudi maelfu ya mara, na karabina ambazo historia yake haijulikani hazina nafasi hapo. Nunueni shekeli mpya zenye namba ya mzigo, pini zifungwe kwa waya, na zikaguliwe kila mwanzo wa muhula. Karabina hizo nne zitumieni kutundikia kengele, mabomba ya kumwagilia miche au kamba za michezo stoo. Tawi lenyewe likaguliwe pia na mtu anayejua miti, kwa sababu tawi lililokauka ndani halisaidiwi na shekeli yoyote.

SWALI: Nina banda la kuchomelea Majengo, Dodoma. Wapanda miti huniletea pete na karabina zilizopasuka nizichomelee, au nizitoboe tundu la kufungia kamba. Wengine huniuzia kama chuma chakavu, halafu naona watu wananunua kutoka kwenye lundo na kwenda nazo kazini. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu fundi, swali lako limenigusa, kwa kuwa wewe ndiye mtu wa mwisho anayeweza kuzuia kifaa kibovu kisirudi juu ya mti.

Usichomelee. Nguvu ya vyuma hivi haitokani na unene wake tu, inatokana na namna vilivyopikwa na kupozwa kiwandani. Moto wa kuchomelea huiharibu hali hiyo sehemu yote inayozunguka mshono, na chuma hubaki na sura ileile huku kikiwa kimelainika au kimekuwa cha kuvunjika. Kwa alumini ni vibaya zaidi, kwani aina ngumu inayotumiwa kwenye karabina nyingi huelekea kupasuka ikichomelewa. Kutoboa nako hupunguza chuma mahali ambapo mtengenezaji alikihesabia. Hata kupiga namba kwa patasi mgongoni mwa karabina huanzisha ufa. Mteja akitaka alama, kipake kifaa rangi au kizungushie tepe: kwa mfano kijani kwa vinavyobeba mtu, njano kwa vya magogo, nyekundu kwa vya zana na stoo. Rangi yoyote itafaa ilimradi kikundi kizima kiikubali na kila msaidizi mpya aelezwe siku ya kwanza. Kwa wenye wafanyakazi, hilo pia ni sehemu ya wajibu wa mwajiri chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003.

Unaweza kuvipa vilivyochoka kazi ya halali bandani mwako. Karabina zilizoondolewa mlango kabisa ni ndoano nzuri za kutundikia nyaya na mipira ya gesi, na bila mlango hakuna atakayeijaribu juu ya mti. Nati ndogo zilizobaki, gramu 300 au 400 hivi, zikishonwa ndani ya kifuko cha turubai kigumu, huwa uzito wa kurushia kamba nyembamba juu ya tawi, na wapanda miti watakushukuru, kwa kuwa wengi wao hurusha jiwe lililofungwa kwa kamba, nalo huchomoka na kuangukia bati la jirani. Piga mshono mara mbili, na uweke pete ndogo juu ya kifuko kwa ajili ya kamba.

Vilivyopasuka vikate kabla havijafika kwenye lundo. Karabina ikate mgongoni kwa msumeno wa chuma, ukate na upande wa pua, ili vipande viwili visiweze kurudishiana umbo. Pete ikate mahali pawili. Shekeli itenganishe na pini yake, kisha uipinde mdomo kwa nyundo au uikate tao. Alumini itenge na chuma, kwa kuwa wanunuzi wa chakavu huilipia bei yake, na mteja aliyekuletea atapata senti kidogo za kuanzia kununua nyingine mpya.